Tutajuaje Kama Vidole Vimepata Nafuu?

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)

 

Leo hatuzungumzi juu ya kuku wala mikopo. Tumeombwa tuzungumze juu ya ugonjwa wa vidole, kwa sababu vikundi vimetufikia na shida moja inayofanana. Kuna mwanachama ambaye vidole vyake vinageuka rangi na kufa ganzi. Ametumia pesa nyingi. Kikundi kimemchangia mara mbili, mara tatu, na sasa mkutanoni watu wanaulizana kwa sauti ya chini: je, mchango wetu unasaidia kitu? Yeye mwenyewe akiulizwa anajibu, "Ah, leo afadhali." Wiki inayofuata anasema, "Jamani, imezidi." Mweka hazina hajui aandike nini.

Swali hilo si la ubahili, na mgonjwa asilichukie. Injili inatusimulia habari za mwanamke aliyemaliza mali yake yote kwa waganga miaka kumi na miwili. Tazameni kwamba hata Mwinjili ameihesabu miaka. Pesa za kikundi ni jasho la watu wanaouza mboga na kufua nguo. Wana haki ya kujua, na mgonjwa ana haki zaidi yao, maana yeye ndiye anayemeza dawa.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Una majina mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni Raynaud, tunalitamka Reno. Ni jina la daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, aliyeueleza mwaka 1862 katika andiko lake la kuhitimu udaktari kule Paris. Mishipa midogo ya damu vidoleni inajibana ghafla mtu anaposhika kitu cha baridi, anapopigwa na upepo, au hata anaposhtuka na kuingiwa na wasiwasi. Damu haifiki. Kidole kinakuwa cheupe, halafu kinapiga weusi wa zambarau, na damu inaporudi kinakuwa chekundu na kupwita kwa maumivu. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kuangalia wagonjwa Wazungu. Kwetu sisi weupe ule mara nyingi unafanana na majivu, kwa hiyo tazama kiganjani na chini ya kucha, usitazame mgongo wa mkono peke yake.

Watu wengi wenye Raynaud hawana ugonjwa mwingine wowote. Wengine wameupata kwa sababu ya kazi, kama vijana wanaotumia mashine za kutetemeka, za kutobolea mawe na kusagia chuma, mwaka baada ya mwaka. Hao wa Changamwe wanatuelewa. Lakini kwa wachache vidole ni mlango tu, na nyumba yenyewe ni jina la pili, skleroderma. Madaktari huiita sklerosisi ya mwili mzima. Kinga ya mwili inageuka na kumshambulia mwenyewe. Ngozi inakakamaa na kung'aa, vidole vinavimba kisha vinajikunja, mdomo unakuwa mdogo, chakula kinakwama kifuani, na kwa wengine mapafu, moyo au figo huguswa. Wanawake wanaupata mara kadhaa zaidi ya wanaume. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa skleroderma wana Raynaud, na mara nyingi vidole ndivyo vinavyotangulia, pengine miaka mingi kabla ya ngozi.

Tofauti kati ya hao wawili ni hii. Kwa Raynaud ya kawaida mshipa unajibana, kisha unaachia. Kwa skleroderma ukuta wa mshipa wenyewe umenenepa kwa ndani na njia imekuwa nyembamba, hata ukiachia damu inapita kwa taabu. Ndiyo maana vidonda vinatokea kwenye ncha za vidole na kukaa wiki, hata miezi. Tena kwa watu weusi ngozi hupata madoa madogo meupe, kama manyoya ya kanga yule ndege. Sasa jumlisheni: ganzi, madoa, vidonda, vidole vilivyojikunja. Jirani atasema nini? Atasema ukoma. Mwingine atasema ni jini, mwingine husda. Mama anaanza kuificha mikono ndani ya leso, na akija mkutanoni anakaa nyuma. Hauambukizi. Hilo tulitangaze bila kuchoka, na mtu ashikane naye mikono, ila taratibu, maana inauma.

Mtu atasema, baridi gani Mombasa? Ni kweli hatuna theluji. Lakini mishipa hii haingoji theluji. Kinachoikera ni joto kushuka, hata kama halikushuka sana. Mtu ametoka kwenye jua akafungua friji ya soda. Amesimama kwenye feri ya Likoni alfajiri, upepo wa kusi unampiga na nguo zina umande wa mvua. Ameingia benki yenye mashine ya ubaridi. Na muuza samaki, Mungu wangu, mikono yake iko ndani ya barafu tangu asubuhi. Mwezi wa saba na wa nane, usiku joto linaposhuka hadi kama nyuzi 20, sisi wengine tunafurahia usingizi. Yeye anaamka na vidole vya mawe.

Haya, tuje kwenye swali letu. Tutapimaje nafuu?

Presha ina mashine yake. Sukari ina tone la damu. Uzito una mizani. Vidole hivi havina kitu cha namna hiyo unachoweza kukitegemea peke yake. Kwenye hospitali kubwa za Ulaya wana mashine za kupiga picha ya joto la mkono, na wana darubini ya kutazama vimishipa vilivyo kwenye shina la kucha. Ile darubini inasaidia sana kujua kama ni Raynaud ya kawaida au ya skleroderma. Lakini ukitaka kujua kama mama huyu anaishi vizuri zaidi kuliko mwezi uliopita, picha ya mashine na maneno ya mgonjwa mara nyingi havikubaliani.

Na daktari naye ataona nini? Mgonjwa ametoka Kisauni saa kumi na moja alfajiri, vidole vimeshikwa njiani, ameviminya kwapani. Anafika, anapanga foleni, jua linapanda, watu wamejazana bencheni. Saa saba anapoitwa, mikono ni ya moto kama ya mtu mwingine yeyote. Daktari ana dakika chache. Anauliza, "Unaendeleaje?" Mama anasema, "Afadhali kidogo." Kadi inaandikwa afadhali kidogo, na dawa inaendelea ile ile. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe hapo. Ugonjwa wenyewe ndio haupendi kuja kliniki.

Kwa hiyo mwenye kipimo ni mgonjwa. Hili si wazo letu tu la kijijini. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na Peter Merkel, walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 281 wa skleroderma wenye Raynaud, kutafuta ni vipimo gani vinafaa kutegemewa. Mojawapo ya vile walivyovipitisha ni daftari la kila siku. Kila jioni mgonjwa anaandika ameshikwa mara ngapi, kila mara ilichukua muda gani, kisha anatoa alama moja, kuanzia 0 hadi 10, ya jinsi vidole vilivyomsumbua siku hiyo. Sufuri maana yake havikunisumbua kabisa. Kumi maana yake siku yote imeharibika. Anapotoa alama hiyo anafikiria mambo yote pamoja: idadi, muda, maumivu, ganzi, na jinsi mikono ilivyokataa kazi. Na baadaye, mwaka 2010, wengine wakapiga hesabu ya badiliko dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe huliona kuwa ni nafuu ya kweli. Walipata kama alama moja na nusu katika hizo kumi.

Ndugu zangu, hiyo si kazi ya vikundi vyetu? Sisi watu wa kuandika michango, faini za kuchelewa, nani amekopa na nani amelipa! Daftari la shilingi chache na kalamu vinatosha. Kwa bibi asiyejua kuandika, weka mkebe wa punje za kunde: kila akishikwa anatia punje moja, jioni mjukuu anazihesabu na kuandika. Na alama ya sufuri hadi kumi aioneshe kwa vidole vyake kumi, hata kama havinyooki vyote.

Tufanye mfano wa hesabu. Tuseme wiki ya kwanza, kabla ya kuanza dawa, mama ametoa alama 6, 7, 5, 8, 6, 7 na 3. Jumla ni 42. Gawanya kwa siku saba, unapata 6. Baada ya mwezi mmoja wa dawa ameandika 4, 5, 4, 6, 3, 5 na 4. Jumla 31, gawanya kwa saba, unapata 4 na kitu, karibu na nne na nusu. Tofauti ni zaidi kidogo ya alama moja na nusu. Hapo kuna jambo. Lakini tazameni ile siku ya alama 3 katika wiki mbaya, na ile siku ya alama 6 katika wiki nzuri. Kama daktari angemwona siku hizo mbili tu, angesema dawa imemzidishia! Siku moja haisemi kitu. Wiki moja inasema kidogo. Wiki mbili za kabla na wiki mbili za baada ndizo tunazoshauri.

Neno "kabla" mlipigie mstari. Mtu anaanza dawa leo, ndipo kesho anaanza kuandika. Sasa utalinganisha na nini? Ni kama kupima mtoto kliniki baada ya kumlisha miezi mitatu bila kujua alianza na kilo ngapi. Isipokuwa daktari amesema dawa ianze leo leo kwa sababu kuna kidonda kibaya. Hapo usingoje daftari.

Na iandikwe jioni ya siku ile ile. Tunawajua watu, na sisi ni watu pia: daftari linakaa juu ya kabati siku kumi na tatu, usiku wa kuamkia kliniki linajazwa lote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Hilo ni bure.

Sasa kuna mitego mitatu, na huu wa kwanza ni wa kwetu hasa watu wa pwani. Vidole vinafuata pepo. Mgonjwa anazidiwa wakati wa kusi, mwezi wa saba, wa nane. Anahangaika, anatafuta dawa. Anaipata, tuseme mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi na mbili kaskazi imeshika, jua linawaka, vidole vimetulia. Nani amemponya? Aliyeuza dawa atasema ni dawa. Kumbe ni kaskazi. Mwaka unaofuata kusi inarudi na vidole vinarudi, na mwuzaji anasema, "Ulikosa kumaliza dozi, lete pesa nyingine." Kwa hiyo daftari liwe na nafasi ya hali ya hewa, neno moja tu: kusi, mvua, jua, mawingu. Na ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha kusi na kusi.

Mtego wa pili unashangaza zaidi. Mtu akipewa kitu akiamini kitamsaidia, mara nyingi anapata nafuu fulani hata kama ndani yake hamna dawa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, Daktari Fredrick Wigley na wenzake, waliwatia wagonjwa 131 wa skleroderma dripu kwa siku tano. Wengine walipewa dawa iitwayo iloprosti, wengine dripu isiyo na dawa, na hakuna aliyejua amepata ipi. Waliopata dawa, mara za kushikwa kwa wiki zilipungua kwa asilimia 39. Waliopata maji matupu nao walipungua, kwa asilimia 22! Kwa hiyo dripu ile ilikuwa na faida, lakini nafuu iliyotokana na dawa yenyewe ilikuwa ile iliyozidi juu ya hizo 22. Kisha mwaka 1998 Wigley huyo huyo na wenzake walitoa majibu ya iloprosti ya kumeza, na mara hii tembe zenye dawa hazikushinda tembe tupu.

Hatusemi hayo ili mumcheke mgonjwa, mseme "ni mawazo yake tu". La. Wale wa dripu tupu walishikwa mara chache zaidi kweli kweli, na hatuoni sababu ya kumnyang'anya mtu nafuu yake. Tunasema hivyo ili kikundi kisiuze mbuzi kwa sababu ya shuhuda mbili tatu. Mafuta ya mganga, dawa ya dukani, dawa ya hospitali, vyote tuvipime kwa daftari moja. Na kama kitu ni cha bei kubwa, kiongezewe wiki, maana furaha ya mwanzo hupoa.

Mtego wa tatu ndio uliotufanya tukubali kuja kuzungumza, na tunaomba mtuvumilie hapa.

Tuchukue mama muuza samaki wa Likoni. Alikuwa akishikwa mara nane, mara kumi kwa siku. Baada ya miezi miwili anashikwa mara mbili. Daftari zuri, sivyo? Kikundi kinapiga makofi. Lakini hebu ulizeni anashinda wapi. Ameacha samaki. Hagusi barafu, hagusi maji ya mtungi asubuhi. Kukuna nazi anakuna binti yake, aliyekuwa aende shule ya ushoni. Kufua anafua jirani kwa malipo. Kwenye Misa ya kwanza haendi tena kwa sababu ya upepo. Jumuiya ikikutana jioni haji. Vidole vimetulia kwa sababu maisha yamefungwa ndani ya chumba kimoja. Idadi imeshuka na mama ameshuka pamoja nayo.

Jambo hili wataalamu nao waliligundua kwa kuchelewa. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Uingereza na Marekani, akiwemo Daktari John Pauling, waliketi na wagonjwa wa skleroderma na kuwauliza maisha yao yakoje na vidole hivi. Wagonjwa wakaeleza maumivu na ganzi, ndiyo, lakini wakaeleza pia jinsi wanavyokaa macho siku nzima kukwepa baridi, jinsi wanavyopanga safari, wanavyobeba nguo, wanavyokataa mialiko, wanavyoona haya. Kutokana na maneno hayo likatengenezwa fomu jipya la maswali liitwalo ASRAP, ambalo linauliza na hayo. Sisi tumefurahi kusikia. Ni nadra daktari kuanza kwa kuuliza mgonjwa tupime nini.

Basi daftari la kwetu liwe na mistari miwili zaidi ya ile ya Merkel: leo kazi gani imenishinda, na leo kazi gani nimeikwepa. Mgonjwa achague mwenyewe, tangu mwanzo, kazi tatu au nne ambazo ni za maana kwake, azifuate hizo hizo. Kufunga vifungo vya sare ya mtoto. Kukuna nazi. Kuhesabu chenji. Kukamua nguo. Kushika rozari au tasbihi bila ushanga kuteleza. Mtu wa Kisauni anayeshona atachagua kutia uzi kwenye sindano. Kazi inaporudi mkononi mwake, hiyo ni nafuu, hata kama idadi ya kushikwa haikushuka. Na ikitokea idadi imeshuka lakini orodha ya aliyoyakwepa imekuwa ndefu, msipige makofi bado.

Mnajua, hata sisi wa miradi tuna ugonjwa huu. Mfadhili anauliza visima vingapi vimechimbwa, tunaandika vinne, ripoti inapendeza. Haulizi ni nyumba ngapi zinakunywa maji yake mwezi wa pili wakati wa ukame. Vivyo hivyo mtu atakuja atuambie, "Nimegawa jozi hamsini za glavu." Asante sana. Lakini zimevaliwa? Mama anauza mahamri na glavu? Soksi za mitumba za Kongowea, zilizokatwa ncha ili vidole vishike, pengine zinavaliwa zaidi. Tungependa kupima hilo.

Vidonda vihesabiwe mbali, msivichanganye na alama. Viko vingapi leo, kidole gani, kimeanza lini, kimefunga lini. Kwenye skleroderma kidonda kimoja kisichopona kina uzito kuliko mara nyingi za kushikwa. Tena picha. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Vidole vikishikwa, mtoto apige picha penye mwanga, kiganja na kucha zionekane, na tarehe ibaki. Daktari ambaye hajawahi kuviona vikiwa vimeshikwa ataviona.

Juu ya dawa tutasema kidogo tu, maana si kazi yetu kuandika dawa. Inayotolewa sana ni nifedipini, na wengi mtasema, aa, hiyo ni ya presha, bibi anayo. Ndiyo hiyo. Inalegeza mishipa. Masomo yanaonesha inapunguza mara za kushikwa, lakini haifuti ugonjwa, na inaweza kuleta kichwa kuuma, kizunguzungu na miguu kuvimba. Ndiyo maana usikope tembe za bibi. Yeye atakosa zake presha impande, na wewe yako ishuke uanguke jikoni. Wahudumu wa afya ya jamii tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya presha. Mwombe apime kabla ya dawa na baada, aandike humo humo daftarini. Zipo pia dawa za presha na za moyo, kama propranololi, zinazoweza kuzidisha Raynaud, kwa hiyo mwambie daktari kila unachokunywa. Sigara, na tumbaku ya kutafuna pia, vinabana mishipa. Na prednisoloni, ile watu wanayonunua wanenepe au maumivu yapungue haraka, mwenye skleroderma asiiguse bila daktari. Kwa kipimo kikubwa inaweza kuhatarisha figo.

Yapo mambo ambayo hayaandikwi kungoja kliniki. Kidole kimekuwa cheusi na hakirudi. Kidonda kina usaha au maumivu hayalaliki. Presha imepanda ghafla na kichwa kinapasuka, au mkojo umepungua. Pumzi inakatika kwa kazi ndogo. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, na kikundi kitoe nauli bila kuitisha mkutano.

Daftari ni la nani? Ni la mgonjwa. Halisomwi mkutanoni. Mle ndani kuna mambo ya mwili wake, na mama mwenye kidonda hataki mwenyekiti amtangaze. Mkutano uambiwe mambo matatu tu, na aseme mwenyewe akipenda au kwa mdomo wa mwenzake aliyemchagua: alama ya wastani ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi, vidonda vingapi, na kazi ipi imerudi. Kwa hayo kikundi kinaweza kuamua kama mchango uendelee huko huko au ubadilishwe njia. Mchango usikatwe kwa sababu alama hazikushuka. Ugonjwa huu kwa wengine hausongi mbele hata ukiwa na dawa nzuri, na kutozidi nako ni kitu. Wengine alama zao zitapanda, na hapo ndipo watahitaji watu zaidi.

Mzee mmoja wa Changamwe ametuuliza wakati wa chai: "Na kama mgonjwa anaongeza alama ili achangiwe?" Ni swali la haki, na pesa zikikaribia kila mtu anajua binadamu alivyo. Jibu letu ni kwamba msifunge mchango na alama. Mkisema alama ikizidi 7 tunatoa elfu mbili, mtapata 8 kila siku, hata kwa mtu mwaminifu, maana ataogopa kusema amepona. Mchango ufuate gharama: nauli, dawa, kipimo, kwa risiti. Alama zibaki kwa ajili ya mgonjwa na daktari wake. Mzee ameridhika, au alau amerudi kwenye chai.

Mwisho ni juu ya lini kuanza. Tarehe 29 Juni, ambayo kwetu Wakatoliki ni sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, duniani ni siku ya skleroderma pia. Inaangukia ndani ya kusi. Ni tarehe rahisi kukumbuka, kwa hiyo tunapendekeza kila mgonjwa aandike wiki mbili zinazoishia siku hiyo, na mwaka unaofuata wiki mbili zile zile, na nyingine mbili wakati wa kaskazi, mwezi wa pili. Wasioweza zaidi waandike hizo tu. Madaftari tumeleta, yapo mezani kwa katibu, yamechorwa mistari tayari. Mwenye mgonjwa ambaye hakuweza kuja achukue mawili, moja amwachie mkebe na kunde.